Yule Mama Tuliyedhani ni wa Kwenu

Kabla sijaanza nataka ujue kwamba mimi si mtu wa hadithi. Nauza miche kando ya barabara kule Murera: miti ya ua, maparachichi, maua kidogo kwa watu wanaojenga. Shule niliishia darasa la saba. Kanisani nikiombwa kutoa ushuhuda nasema neno moja nakaa chini. Hili ninalokuambia lilitokea mchana, nyumba imejaa watu, na wengi wao wako hai hadi leo. Ukitaka nitakupeleka uwaulize. Ningependa lisiwe la kweli, niamini. Ingenisaidia sana.

Lilitokea wakati wa mvua ndefu, tulipompoteza mdogo wangu Nyambura.

Nyambura aliolewa Majengo, Thika, na Hamisi, fundi wa kushona viti vya magari. Alipoolewa alisilimu akaitwa Mariamu. Kwetu lilikuwa jambo zito. Maitu, yaani mama yetu, alikaa muda mrefu bila kukanyaga kwa wakwe, na alipokanyaga ni kwa sababu ya mjukuu. Zuhura alipozaliwa pande zote mbili zililegea, tukaanza kutembeleana. Lakini ilikuwa ile amani ya watu wanaoogopa kuivunja. Sisi tukienda kwao tunafunga vitambaa kichwani. Wao wakija kwetu tunanunua sufuria mpya, wasije wakajiuliza ile ya zamani ilipika nini. Hakuna aliyemuuliza mwenzake swali la kumkwaza. Shika hapo kwenye maswali, kwa maana ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Aliugua kifua, siku chache tu. Hamisi alinipigia simu alfajiri nikiwa namwagilia miche, akasema, "Shemeji, Mariamu ametuacha." Maitu alikuwa amelala Mwihoko kwenye maombi ya kina mama na simu yake ilikuwa imezimwa. Nikaenda kumtafuta. Kutoka Murera mpaka Mwihoko, kutoka Mwihoko mpaka Thika, na magari siku hiyo yalikuwa yamesimama kana kwamba yanangoja ruhusa ya mtu. Tulipofika Majengo, jeneza lilikuwa limeshatoka. Kwa Waislamu maiti haachwi nje ya kaburi bila sababu. Najua, na siwalaumu. Walitungoja mpaka wakashindwa kungoja.

Maitu alikaa chini pale mlangoni. "Mmefunika yeye kabla sijaona?" akauliza. Bi Saada, mama yake Hamisi, alitoka ndani akakaa naye kwenye saruji, akamshika mkono.

Kwa hiyo mimi sikuuona uso wa ndugu yangu. Weka hilo akilini.

Tulikubaliana kwamba mimi na Maitu tulale pale mpaka hitma ya siku ya tatu, ili mtoto asikose mkono wa upande wa mama yake. Baada ya hitma ndipo wazee wangeamua Zuhura alelewe wapi. Alikuwa bado hajaanza hata kukaa. Kila mtu alimtaka, na kila mtu aliona aibu kusema.

Sasa lazima nikuambie kidogo kuhusu vinyonga, kwa sababu bila hao hutanielewa.

Kwenye shamba langu dogo la miche nina ua wa kayaba, ule wenye miiba mirefu, na humo wanaishi vinyonga. Madume wana pembe tatu usoni. Nimewaona kila siku kwa miaka mingi, nikipogoa, nikimwagilia. Kinyonga akitembea anakwenda mbele kidogo, anarudi, anakwenda tena, anayumbayumba kama jani linalopigwa na upepo, mpaka ndege wanampita wakidhani ni jani. Kidole chake si kama cha wanyama wengine. Mguu umegawanyika mara mbili, vidole vitatu huku na viwili kule, na akishika tawi ni kama koleo, utamvunja kabla hajaachilia. Macho yake kila moja lina safari yake. Moja linakutazama wewe, lingine linamtafuta nzi. Ni pale anapotaka kula tu ndipo macho yote mawili yanakutana mahali pamoja. Na ulimi! Unatoka mrefu kuliko mwili wake mwenyewe, na huuoni ukitoka. Unaona tu kwamba nzi hayupo.

Watu wa kwetu wanamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Nyambura peke yake ndiye hakuwaogopa. Tangu utotoni, akimwona mmoja anavuka barabara ya Murera anachukua kijiti, anamwacha apande, anamvusha. Majirani walisema huyo msichana ana kitu. Wavulana nao walikuwa na mchezo wao mbaya. Walichovya kijiti kwenye tumbaku ya bibi zao, wakamtia kinyonga mdomoni, akageuka mweusi tii, akafa akitetemeka. Nyambura alilia mara nyingi kwa ajili ya huo mchezo.

Tumbaku hiyo hiyo Maitu anainusa mpaka leo. Lakini kwa Bi Saada aliona aibu, akanipa kile kikopo chake cha bati nikifiche. "Weka kwa sweta yako, kairitu, msichana wangu. Hawa watu wasione mimi nanusa kitu kwa nyumba yao ya maombi." Ikawa kila akizidiwa ananikonyeza, tunatoka nje nyuma ya choo kama wasichana wa shule. Kwa hiyo siku zote tatu kikopo kilikuwa kwenye mfuko wangu wa sweta.

Siku ile ya kwanza, nilipoingia uani kuosha vyombo, nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye kigoda, amempakata Zuhura. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka. Kwake alinyamaza. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amejifunga leso mpaka kwenye nyusi. Ukuta wa ule ua umepakwa kijani, na leso yake nayo ilikuwa ya kijani. Nikamsalimu, akaitikia kwa Kiswahili cha Majengo kabisa. Nikasema moyoni, huyu ni wa kwao, labda ni yule shangazi wa Mombasa anayetajwa kila siku.

Baadaye nilimwona karibu na Maitu, wanaongea Kikuyu chini chini. Hilo pia halikunishtua. Watu wa Majengo wengi wanakijua Kikuyu, tumeishi pamoja tangu zamani. Nilifurahi tu kwamba Maitu amepata wa kuongea naye.

Utamuuliza mtu wa namna hiyo ni nani? Kwenye nyumba ya msiba, mtu anayeosha sufuria na kubeba mtoto haulizwi. Wengine walimwita dada, wengine mama, wengine shangazi. Aliitika yote.

Wa kwanza kusema neno alikuwa Mama Rukia, jirani, mwanamke wa maneno, akikata vitunguu uani.

"Jamani, huyu shangazi anatembea vipi?" akasema. "Utafikiri amebeba karai la maji ya moto."

"Pengine ni sakafu inayomkimbia," mwenzake akadakia.

"Acheni wivu nyie. Wewe mtoto ulimbeba akakutapikia, mwenzio kambeba kalala."

Walicheka, na mimi nikacheka, kicheko changu cha kwanza tangu ile simu. Halafu nikamtazama yule mama akivuka ua. Hatua moja mbele. Akarudi nusu. Akayumba. Mbele tena. Kicheko kikaniisha. Nilikuwa nimeuona mwendo huo, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa msiba, sikukumbuka ni wapi.

Usiku ule wa kwanza sikulala vizuri, na asubuhi nikaanza kumwangalia. Sikuwa na shuku yoyote. Ni vile tu ukiwa na huzuni macho yanatafuta mahali pa kutua. Nikaona mambo madogo madogo. Alishika kikombe kwa vidole viwili upande huu na vitatu upande ule, hata kikiwa na sikio. Alikaa kwenye mkeka mwekundu na leso yake ikawa nyekundu, nikajiambia amebadilisha. Jicho lake moja lilikuwa kwa mtoto na lingine mlangoni, nikajiambia maskini, ana kengeza. Kope zake zilifunika jicho karibu lote, zikaacha tundu dogo. Nikajiambia ni kulia.

Na kila nilipomkaribia, alihama. Nikiingia chumbani, anatoka. Nikikaa mkekani, anasogea mpaka mwisho wa mkeka. Nilidhani hanipendi. Nilidhani labda anaona ninamtaka mtoto, na ilikuwa kweli nilimtaka.

Kitu kingine ni nzi. Nyumba yenye watu wengi, wali na sukari haikosi nzi, na Thika wakati wa mvua ni zaidi. Walikuwa kwenye sinia, kwenye vikombe, kwenye nyuso za watoto waliolala. Alipokaa yule mama, hapakuwa na hata mmoja.

Alasiri ya siku ya pili Zuhura alikuwa amelazwa kwenye mto katikati ya chumba. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Yule mama alikuwa ameketi kwenye kona, mbali, mbali kiasi kwamba angehitaji kusimama na kutembea ili amfikie mtoto. Nzi akatua kwenye shavu la kushoto la Zuhura. Nikaona macho ya yule mama, yale yaliyokuwa yakitembea kila moja na njia yake, yakija polepole, yakikutana, yakatulia pale shavuni. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu aliyebandua plasta. Nzi hakuwapo. Shavu la mtoto lilikuwa limelowa.

Yule mama alikuwa anatafuna.

Hapo ndipo nilipokumbuka ule mwendo nimeuona wapi.

Utauliza mbona sikupiga kelele. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa amegeuka kunitazama, na leso ilikuwa imerudi nyuma kidogo, na kwenye paji la uso, juu ya nyusi ya kulia, nikaona kovu. Kovu dogo lililopinda kama ukucha. Nyambura alilipata alipoangukia jembe langu tukiwa wadogo. Asubuhi kovu hilo halikuwapo. Ningeapa mbele ya mtu yeyote. Akatabasamu, na katikati ya meno ya juu palikuwa na mwanya.

Ndoo ikaniponyoka. Kelele zikawa za maji, watu wakaja na matambara, na yeye akambeba mtoto akatoka, mbele, nyuma, mbele.

Jioni nilimvuta Maitu nyuma ya choo, nikampa kikopo chake, nikamuuliza, "Maitu, yule mama anayembeba Zuhura, umemwangalia uso?"

Maitu alinusa, akapangusa pua. Machozi yalikuwa yanamtoka, si ya tumbaku. "Anafanana na yeye," akasema. "Kila siku anafanana zaidi. Mimi nasema ni Ngai, Mungu wetu, ameniletea, kwa sababu sikuona yeye." Akanirudishia kikopo. "Usifukuze yeye, kairitu. Acha niangalie tu."

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Nami pia, nisikufiche, nilitaka kutazama. Nilitaka kutazama kuliko nilivyotaka maji. Nikamwambia Maitu tulale chumba kimoja na Zuhura, nikamlaza mtoto kati yetu wawili, na kikopo kifuani.

Siku ya tatu ilikuwa ya hitma. Wanaume walijaa nje chini ya turubai na shehe wao, wanawake kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba pilau ya sufuria kubwa mbili. Baada ya kisomo mvua ilianguka, ile ya Aprili isiyoanza kidogo kidogo. Ilipiga turubai na mabati mpaka watu wakawa wanaongea kwa mikono. Maitu nilikuwa nimemwachia Zuhura, nikamwambia asimpe mtu. Nikaenda kumsaidia Bi Saada kupakua chini ya kibanda cha jikoni.

Bi Saada alikuwa na furaha ya watu waliochoka. Akanisogelea sikioni, mwiko mkononi.

"Mwanangu, nikwambie jambo kabla wazee hawajalisema. Mimi na Hamisi tumeshakubaliana. Mtoto ana damu yetu, lakini mtoto anataka mkono wa mwanamke, na mkono ameshauchagua mwenyewe. Basi na aende nanyi Murera, alelewe na yule shangazi yenu. Nguo zake nimeshamfungia."

"Shangazi yetu yupi, Mama?"

"Yule jamani. Yule anayembeba."

Mwiko wake ulikuwa unadondosha mafuta. Nikautazama mwiko.

"Mama," nikasema, "yule si wenu?"

"Wetu wapi! Si anaongea Kikuyu na mama yako tangu siku ya kwanza? Mimi nilisema hawa watu wamekuja na mtu wao, siwezi kuwauliza kama ni wa damu ama ni wa kanisa, mtaona tunawahesabu."

"Sisi tulisema ni shangazi yake Hamisi wa Mombasa."

"Shangazi yake Hamisi ni mgonjwa. Hata gari hakupanda." Bi Saada aliuachilia mwiko ukazama kwenye sufuria. "Ya Rabbi. Nimempa mtoto sasa hivi. Mama yako alikuwa amesinzia, nikamchukua mkononi mwake nikampa, nikamwambia akamvalishe nguo za safari."

Nilikimbia. Kutoka kibandani mpaka mlango wa nyuma ni hatua chache, lakini nilifika nimelowa chapa chapa. Watu wote wale, wanaume wale wote chini ya turubai, na mimi nikiita jina la mtoto sikujisikia hata mwenyewe kwa mvua.

Alikuwa chumbani kwa Nyambura, amekaa kwenye kitanda cha Nyambura, amejifunga leso ya Nyambura, ile ya maua ya manjano. Kifurushi cha nguo kilikuwa pembeni. Zuhura alikuwa amelala mapajani mwake.

Akainua uso. Na uso ulikuwa umekamilika.

Sikuambii alifanana naye. Ndugu hufanana, binamu hufanana. Nakuambia alikuwa ni yeye. Shavu lile lililojaa upande mmoja kuliko mwingine. Kovu. Mwanya. Ile shingo. Hata ule uchovu wa siku za mwisho ulikuwapo.

"Mkubwa," akasema, "hukunikuta."

Mkubwa ni jina alilonipa Nyambura tukiwa watoto. Hakuna aliyelijua katika nyumba ile, hata Hamisi.

"Hukunikuta," akarudia, kwa sauti yake kabisa. "Njoo basi unitazame. Nitazame mpaka utosheke. Halafu utuache twende."

Nilimtazama. Nikapiga magoti pale sakafuni, karibu kuliko nilivyowahi kumkaribia, na nikatazama. Nilitazama kama mtu anayekunywa. Kama angeniambia wakati huo nimsindikize barabarani, ningembebea kifurushi. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Kilichoniokoa ni mkono wa mtoto. Ulikuwa umelala juu ya leso, na niliona maua ya manjano juu yake. Nikafikiri ni pindo la leso limemfunika. Nikanyoosha kidole nilisogeze. Hapakuwa na pindo. Ilikuwa ngozi. Maua yalikuwa kwenye ngozi ya Zuhura, kuanzia vidoleni yakipanda kwenye kiwiko, na juu ya kiwiko ngozi yake ya kawaida ilikuwa inageuka polepole, kama maji ya chai yanavyopanda kwenye mkate.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa sweta.

Jicho moja la yule mama likashuka mpaka mfukoni mwangu. Lingine likabaki usoni kwangu, na machozi ndani yake. Hapo nikajua. Ndugu yangu alikuwa na macho mawili yaliyotazama kitu kimoja.

"Mkubwa," akasema, "usifanye hivyo. Unakumbuka nilivyolia."

Kifuniko kikanikatalia. Kikafunguka kwa meno. Nikampulizia tumbaku yote usoni, kwenye ule uso ambao sikuuona ukifunikwa.

Alitoa sauti kama gurudumu linalotoka upepo. Mdomo ulifunguka mpana kuliko mdomo wa mtu. Weusi ulianza mdomoni ukaenea, na ulipokuwa unaenea nyuso zilipita: uso wa yule mama wa makamo wa siku ya kwanza, uso wa Mama Rukia, uso wa Bi Saada, uso wangu mimi mwenyewe, ndiyo, niliuona, na mwishoni kabla weusi haujafunga kabisa, uso wa Nyambura tena. Na safari hiyo macho yote mawili yalinitazama kwa pamoja.

Nilimvuta mtoto. Mkono wa yule mama ulikuwa umemshika kiunoni, vidole viwili huku na vitatu kule, na haukuachilia. Nilibandua kidole kimoja kimoja. Vilikuwa baridi na vikavu. Zuhura alipiga chafya, akalia, na nilipomtazama mkono ulikuwa mkono wa mtoto.

Bi Saada alikuwa amefika mlangoni. Yeye aliona mgongo tu, atakuambia mwenyewe. Aliona mtu mweusi akitoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwenye mvua, mbele, nyuma, mbele, bila haraka. Upande ule hakuna lango. Kuna ukuta wa kijani na mti mdogo wa hina. Tulisimama tukimtazama akikaribia ukuta. Alikuwa mweusi, akawa wa kijivu, akawa kijani. Hakupotea, nataka nieleze vizuri. Ni kwamba ilifika mahali tukawa hatujui tena yupi ni yeye na upi ni ukuta.

Mvua ilipopungua, Bi Saada alitoka akasimama mbele ya wanaume, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema kila upande utaje watu wake. Shehe alitaka kuuliza sababu, akamwona uso, akatikisa kichwa kukubali. Basi tukatajana. Huyu ni wa nani? Ni wangu. Huyu je? Ni jirani. Mama Rukia akasema, "Mimi mnanijua, au mnataka nionyeshe kitambulisho?" na hakuna aliyecheka. Mwisho watu wote walikuwa wametajwa, na yule mama hakuwa na wa kumtaja. Hamisi akalia hapo hapo. "Shemeji," akaniambia, "mimi nilikuwa namshukuru kila usiku. Nilisema kwenu mna watu wema."

Tangu siku hiyo tunaulizana kila kitu, sisi na wao. Hata ya sufuria tuliulizana, ikaisha.

Zuhura yuko kwangu Murera kwa ruhusa ya pande zote. Hamisi huja kila Jumapili. Zuhura anatembea sasa, anatembea mbele tu, nilimchunga sana alipoanza. Ni mtoto kama watoto wengine, ila nzi hawatui kwenye shavu lake la kushoto. La kulia wanatua. Nimekaa nimetazama mchana mzima. Kwenye ua wangu wa kayaba hakuna tena kinyonga hata mmoja. Ile leso ya maua ya manjano tuliikuta kitandani, nyeupe kama sanda, na hata Bi Saada hakutaka kuigusa. Nimeitunza. Sijui kwa nini.

Maitu hajanilaumu kwa neno. Amenunua kikopo kingine, ananusa waziwazi kwa wakwe sasa. Ila wakati mwingine ananitazama nikimwogesha mtoto, na najua anachofikiri, kwa sababu mimi pia ninakifikiri. Nyambura aliwavusha vinyonga wengi pale barabarani. Je, kama mmoja wao alikuja kulipa wema kwa njia anayoijua? Sijui. Niliona maua kwenye mkono wa mtoto, nikafanya nililofanya, na ningelifanya tena leo.

Lakini kuna malipo, na ninayalipa. Nikifumba macho nimkumbuke ndugu yangu, anayekuja ni yule wa kitandani. Kovu liko sawa, mwanya uko sawa, kisha jicho moja linaanza kwenda mlangoni. Hamisi ana picha zake kwenye simu. Akinionyesha nashindwa kutazama uso wote. Natazama macho tu, kuhakikisha.

Kwa hiyo nisikilize, hasa kama una msiba, na nyumba imejaa, na kila mtu ana adabu. Uliza. Muulize anayeosha vyombo, muulize anayebeba mtoto: wewe ni wa nani, na nani hapa anakujua? Akikasirika mtasameheana, binadamu husameheana. Ila kama kila mmoja wenu anadhani ni wa mwenzake, usingoje ajibu. Mchukue mtoto kwanza.

Na usimtazame usoni, hata kama ni uso uliokosa kuuaga.